Vantilateri ya Lusenge

Teksi ya Lusenge ilichemka njia nzima kutoka Musienene hadi Butembo. Hapo abiria mmoja, fundi Melchior, alishusha vantilateri, feni ya kupoza injini, akaisafisha, akaitia grisi, ikazunguka vizuri. Walipokaribia Beni, Lusenge alisimama kabla ya bariere ya waasi waliofunga barabara, akafungua kapo, kifuniko cha injini, na kuchomoa waya wa ile vantilateri.

"Weye! Motere itaungua!" Melchior alilia kama ameng'olewa jino.

"Papa, uko na haki. Mais gari muzima, basoda banaibeba ku vita. Ya kuchemka banaiachaka."

"Basi miye nimetumikia nini?"

Berthe, aliyekaa nyuma na kapu la maharagwe magotini, aliona wote wawili wana haki, jambo linaloharibu utamu wa ugomvi. Walibishana hadi bariere, mvuke ukatoka kila upande.

Askari alikohoa, akarudi nyuma. "Pole! Kati yenu hakuna fundi? Aitengeneze, tuende nayo."

Abiria wote wakageukia milima. Melchior, mikono myeusi kwa grisi mpaka viwiko, alinyakua kapu la Berthe na kuzamisha mikono ndani.

"Fundi, chef? Miye nauzishaka maharagwe."

Askari hakuondoa macho. Berthe akaona amsaidie.

"Ni bwana yangu, chef. Hata kufungua kapo hajue."

Risasi ingemuuma Melchior kidogo kuliko neno lile. Alifungua kinywa, akamwangalia askari, akakifunga.