Mama Nabintu na Rafu ya Vitabu vya Australia

Louisville, Jumamosi, 30 Mei 2026

Kwa Mama Spés Nabintu

Mama Nabintu, kamati imeniagiza niandike habari zako kana kwamba hupo ukumbini, kama zinavyoandikwa habari za wastaafu wote. Vumilia kidogo. Nitakurudia mwishoni.

Mama Spés Nabintu anastaafu leo baada ya kukitumikia Chumba cha Vitabu, hapa Highview, kwa miaka ishirini na mmoja na miezi tisa. Aliajiriwa Agosti 2004. Wakati huo chumba kilikuwa na meza mbili, viti kumi na vinne visivyofanana, na katoni tatu za vitabu vya watoto vilivyochangwa na makanisa. Leo kina vitabu elfu sita na zaidi, na viti bado havifanani.

Alizaliwa Bukavu, na huko alifundisha darasa la tatu hadi vita vilipomwondoa. Kazi yake ya kwanza Louisville ilikuwa kufunga mizigo katika ghala moja kule Okolona. Akitoka zamu alikuja hapa kusomea watoto bila malipo, na baada ya miezi mitatu chumba kikamwajiri, kwa sababu watoto walikuwa wakikataa kwenda nyumbani kabla hajafika.

Ni mwanamke asiyenyamazisha mtu. Watoto wakipiga kelele kwenye kona, yeye huenda akakaa katikati yao, akachukua kitabu kilicho karibu na kuanza kusoma kwa sauti ya chini. Kelele hufa zenyewe. Nimejaribu njia hiyo nyumbani kwangu, haikufaulu. Tena ni dereva mwangalifu mno. Safari ya Columbus ambayo wengine huimaliza kwa saa tatu na kidogo, yeye huitengea nne na nusu, na chai ya tangawizi kwenye chupa.

Lakini jambo litakalobaki na jina lake ni ile rafu ndefu ya upande wa dirisha, ambayo kila mtoto wa Highview anaiita Australia.

Ilianza hivi. Mama Nabintu ana mdogo wake, Josiane. Waliandikishwa katika kambi ya wakimbizi wiki ileile, lakini faili la Josiane likaitwa na Australia na la dada yake likaitwa na Marekani. "Tulipangwa kama katoni," Mama Nabintu hupenda kusema, "moja kushoto, moja kulia." Mwaka 2009 Josiane alituma kwa posta vitabu ambavyo binti yake alikuwa amevimaliza. Mama Nabintu alikifungua cha kwanza akiwa amesimama, koti bado mwilini, akakisoma mpaka mwisho bila kukaa. Kilimhusu msichana ambaye wazazi wake walitoka Afrika, anayeishi katika mji wenye joto na vumbi. Hakukuwa na bunduki ndani yake, wala mashua, wala hema. Msichana alikuwa amepoteza baiskeli.

Siku hiyohiyo akampigia mdogo wake simu.

"Josiane, ni baiskeli tu?"

"Baiskeli tu, dada."

"Mtoto mweusi, jina refu, na shida yake ni baiskeli."

"Njo vile. Ulitaka apoteze nini tena?"

Akaomba vingine. Vikaja kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Kuna kitabu cha msichana mwenye hijabu anayemnasa mwizi wa kuku. Kuna cha mvulana ambaye bibi zake wawili wanatoka nchi mbili na wanagombana jikoni kuhusu chumvi. Kuna kimoja kilichoandikwa kwa lugha ya wenyeji wa asili wa nchi ile, herufi kubwa juu, na Kiingereza chini yake kwa herufi ndogo. Nakumbuka baba mmoja, Zihindula, alikikodolea macho kitabu hicho muda mrefu akiwa amemshika mtoto mkono. "Kumbe lugha ya bibi inaweza kukaa juu," alisema, akaomba kiti.

Josiane hakumdanganya dada yake. "Usifikiri huku vimejaa," aliandika katika moja ya barua zake. "Ninavitafuta. Na vingine vimeandikwa na watu wanaotutazama kutoka dirishani kwao." Hapo ndipo Mama Nabintu alipoanzisha desturi yake ya kuonja. Hakuna kitabu kilichopanda kwenye rafu kabla ya kusomwa na mtoto anayefanana na yule aliyeandikwa ndani. Mchuzi huonjwa kabla ya wageni kuwekewa, alisema.

Lucas, anayetembea kwa kiti cha magurudumu, alipewa kitabu cha golikipa anayetembea kwa kiti kama chake. Alikirudisha kesho yake. "Kafungwa mabao manne," alisema. "Nimempenda." Polycarpe alikuwa na miaka kumi na mitano alipopewa riwaya ya vijana kuhusu mvulana Mwafrika na majirani wanaomhurumia. Huyo alikuja amekunja uso. "Mama, kurasa mia mbili huyu mtu hajacheka hata mara moja. Hana rafiki wa kumtania?" Riwaya haikutupwa. Iliwekwa rafu ya chini, na maneno ya Polycarpe yakabandikwa ndani ya jalada ili anayekuja aonywe. Watu waliosoma vyuo vikuu wamekuja kutazama rafu yetu na kalamu zao. Sijamwona hata mmoja aliyekuwa na njia bora kuliko hiyo.

Habari zikasafiri. Huko Columbus kuna Tarcisius, Mtanzania, muuguzi, anayesomea watoto kila Jumamosi katika ukumbi wa majengo anamoishi. Huko Buffalo, mtaa wa Riverside, kuna Marcellin, ambaye sebule yake imekuwa maktaba bila mke wake kuulizwa. Kila miezi miwili Mama Nabintu aliwapelekea katoni ya vitabu kwa gari lake, na kurudi na katoni nyingine.

Mimi niliajiriwa hapa mwaka 2016, usafi na kupanga rafu. Nilisoma hadi darasa la saba katika kambi ya Nyarugusu na sikuwa nimewahi kumsomea mtoto kitabu. Binti yangu, Chimène, alizaliwa hasikii. Nilikuwa nikija naye kazini, anakaa chini ya meza na karatasi zake.

Mwaka alipotimiza miaka saba, kitabu cha msichana asiyesikia kilitoka kwa Josiane. Kuonja kukamwangukia Chimène. Alifungua, akatazama mikono iliyochorwa, akaanza kucheka. Mikono ya Australia ilikuwa ikisema kwa namna nyingine. Yeye shuleni hapa alifundishwa alfabeti ya mkono mmoja, na kumbe wale wanatumia miwili. Irabu zao zinakaa kwenye ncha za vidole: dole gumba ni A, kidole cha shahada ni E, na kuendelea hadi kidole kidogo, ambacho ni U. Siku ile Chimène alisimama mbele ya watoto kumi na tisa wanaosikia akawafundisha. Mama Nabintu alikaa sakafuni pamoja nao, akakosea, akapigwa kikofi mkononi na mwalimu wake, akarudia. Nilikuwa nimeshika ufagio. Sikuwa nimewahi kumwona mtoto wangu akiwa ndiye anayejua.

Baada ya hapo watoto wa miji mitatu walitengeneza kitabu chao wenyewe, picha na maneno machache, kwa kuiga vile vya Josiane. Kila mtoto ukurasa wake. Zilichapwa nakala ishirini na nne, nane kila mji. Chimène yuko ukurasa wa kumi na tisa, amekunja mikono kifuani, amekataa kutabasamu.

Alifariki Januari 2023 kwa selimundu. Alikuwa na miaka tisa.

Nilikaa nyumbani wiki sita. Niliporudi, watu walikuwa wapole sana kwangu. Waliokuwa wakiniita Mama Chimène walianza kuniita Delfina. Siku ya tatu, nikifuta vumbi kwenye Australia, nilikichukua kitabu cha watoto wetu nikafungua ukurasa wa kumi na tisa. Hakuwepo. Karatasi ya bluu ilikuwa imebandikwa juu yake, imekatwa vizuri, kingo zimegundishwa. Nikafungua nakala ya pili. Ilikuwa hivyohivyo.

Nilikirudisha mahali pake, nikavua aproni, nikaenda nyumbani. Nilimwambia mume wangu, Nshombo, kwamba wamemtoa.

"Nani amemtoa?"

"Sijui. Wamemfunika kwa karatasi."

"Bon," alisema, "labda wamechoka kutuonea huruma." Nikaamua sitarudi kazini. Nilikuwa nimeshamzika mara moja.

Mama Nabintu alikuja kesho yake. Hakukaa alipokaribishwa.

"Ulifungua kile kitabu," alisema.

"Nilifungua."

"Ni miye nilibandika. Zote. Za hapa, za Columbus, za Buffalo."

Kisha akaeleza. Vitabu kadhaa vya Josiane vina tangazo ukurasa wa kwanza, linalowaambia wasomaji wa wenyeji wa asili kwamba ndani huenda mna majina au picha za watu waliofariki. Kwa wengi wao, kumwona marehemu bila kutarajia ni jeraha. Mama Nabintu hakuwahi kuliruka tangazo hilo. Alilisoma kila mara, akanyamaza kidogo, ndipo akaanza hadithi. Chimène alipofariki, alipata hofu kwamba nitarudi kazini nikutane na uso wake kwenye rafu. Kwa hiyo, Februari, barabara zikiwa na theluji, aliendesha hadi Columbus na kutoka hapo hadi Buffalo, akafunika kurasa ishirini na nne kwa mikono yake.

"Miye nilifikiri nakulinda," alisema. "Donc, usiku wa leo nimeisoma tena ile tangazo. Inamwonya mtu ili achague mwenyewe. Haisemi marehemu afunikwe. Na tena ni desturi yao, si yetu. Ya kwetu ningekuuliza weye, na sikukuuliza. Mama Chimène, nimekosa."

Ilikuwa wiki ya saba tangu msiba, na ndiye mtu wa kwanza kuniita hivyo tena.

Aliniuliza ninataka nini. Nilimwambia ninataka aonekane. Nilisema na mimi ningependa kuonywa, kwa sababu kuna siku ninaweza kutazama na kuna siku siwezi. Akatoa kalamu kwenye mkoba, akaniambia niandike tangazo langu. Nilikataa, nikamwambia yeye ndiye mwalimu. Alisema mwalimu wa jambo hili si yeye. Niliandika juu ya bahasha, na ndivyo lilivyo hadi leo katika kila nakala: "Ndani ya kitabu hiki yumo Chimène, ambaye amefariki. Yuko ukurasa wa kumi na tisa. Kama leo unaweza, mwangalie."

Nane za hapa tulizibandua pamoja, kwa mvuke wa birika, polepole kama watu wanaotoa bandeji. Mbili zilichanika zikachapwa upya. Kisha akashika tena barabara ya Columbus. Tarcisius alimpokea mlangoni akicheka. "Shikamoo Mama, umeendesha saa nne na nusu kuja kusema samahani? Si ungepiga simu?"

"Karatasi sikuibandika kwa simu," alijibu.

Alisimama mbele ya wazazi na watoto akawaeleza alichokosea, pale na tena Riverside, bila kupunguza. Marcellin aliniambia baadaye kwamba watoto waliomba kumwona Chimène, wakapanga foleni. Mtu wa umri wake, aliyeheshimiwa katika miji mitatu, angeweza kubandua karatasi zile kimyakimya, na nisingejua tofauti. Nimeishi na watu wengi, wa kambini na wa hapa, na bado ninapomfikiria akiwa amesimama katika kumbi zile ninashindwa kuelewa nguvu hiyo inatoka wapi.

Tangu hapo, kabla ya kuchapa picha ya mtoto yeyote, chumba hiki huwaendea wazazi na kuwauliza. Imeandikwa kwenye kanuni zetu, na sasa ndivyo wanavyofanya Columbus na Buffalo pia. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ambayo Mama Nabintu anatuachia, na mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko vitabu elfu sita.

Sasa nakurudia wewe mwenyewe, Mama.

Wafanyakazi wenzako wanakushukuru. Watoto uliowasomea na ambao sasa wanawasomea watoto wao wanakushukuru. Tunakuombea miaka mingi ya kulala hadi jua litoke, miguu isiyovimba, na barabara zisizo na theluji.

Tumesikia kwamba Agosti utapanda ndege kwenda kwa Josiane, kuonana naye uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu kambini, na kwamba utawasomea watoto wa darasa analosaidia. Tumekuwekea nakala moja ya kitabu cha watoto wetu kwenye mfuko wa zawadi. Tangazo limo. Wasomee kwanza, unyamaze kidogo kama unavyofanya, kisha wasomee kurasa zote kwa mpangilio. Na ukiona wamefika kwa Chimène, mwambie Josiane kwamba huyo ana mama, yuko Louisville, anaitwa Delfina. Unikumbuke.