Mtoto Asiyeshika Amri

Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango, nawasalimu wote. Nimeombwa niseme yaliyonipata, kwa kuwa wengi wenu mna watoto wanaosahau kama mimi. Nitasema kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulia katika kambi ya polisi, na humu naona tumetoka pande nyingi. Nina ombi moja tu. Nikipotea katikati ya maneno, mnirudishe. Msione haya.

Mimi ni mtoto wa polisi. Baba yangu ni mtu wa kaskazini, mrefu, asiyepaza sauti. Tulikaa kambini hapa hapa Kampala, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alikuwa anasema jambo mara moja. Kazini kwake amri hairudiwi, na nyumbani ilikuwa hivyo hivyo.

"Nenda kwa jirani uchukue pasi, pitia dukani ulete sabuni, ukirudi anika shati langu."

Mimi naitika, "Ndiyo, afande," kama tulivyozoezwa. Natoka mbio. Nikifika dukani nasimama. Mwenye duka ananiuliza, "Wataka nini, binti?" Sijui. Mlangoni kwetu nilijua, hapa sijui tena. Sikuwa nacheza, ndugu zangu, nawaambieni. Nilitafuta kichwani, hakukuwa na kitu.

Narudi mikono mitupu. Baba anauliza polepole, "Mimi nilisema nini?" Nikishindwa kujibu, ananipigisha magoti kwenye kokoto, nje, mbele ya wake za askari wenzake. Kisha fimbo. Na yule jirani mwenye pasi anaangalia kando.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu alisoma hesabu kwa mdomo, sisi tujibu bila kuandika. Nikiipokea namba ya pili, ya kwanza imeshakwenda. Walinitungia jina, darasa zima likaliimba. Sitalitamka hapa. Muda si muda nikaacha kunyoosha mkono, halafu nikaacha hata kusikiliza, maana kusikiliza kulinichosha na hakukunipa kitu.

Mama yangu akanipeleka kwenye maombi. Mchungaji alisema nina roho ya usahaulifu. Wakanifungisha, sikula, sikunywa, mpaka nikaanguka. Nilipozinduka, mchungaji aliniinamia akaniambia nitaje mstari alionipa nikariri. Sikuukumbuka. Akamgeukia mama, akasema, "Bado yumo." Simsemi Mungu vibaya, wapendwa. Namsema mtu. Tuliporudi mama alilia njia nzima, akinishika mkono kwa nguvu kana kwamba kuna kitu kitaninyakua.

Mama aliugua, akafariki. Alikufa akiamini kwamba ndani ya mwanawe mna pepo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayosema leo.

Baada ya mazishi hapakuwa na mtu wa kusimama kati yangu na baba. Nikaacha shule, nikaondoka kambini bila kuaga. Nilikwenda mtaa wa Kisenyi, kwa mama mmoja aliyekaanga mihogo na samaki karibu na gereji. Alinipa mahali pa kulala na akanifundisha kazi. Lakini wateja wa pale wanaagiza kwa kupiga kelele, watano kwa pamoja, huyu anataka pilipili, yule hataki, huyu anataka kufungiwa aende nacho. Nikawa nachanganya. Siku moja karai lilikuwa jikoni, mafuta yamechemka, mtu akaniita nimpe chumvi. Nikageuka. Nilipogeuka tu, lile karai halikuwepo tena duniani kwangu. Nikaanza kumhudumia mwingine, na mwingine...

Nilikuwa wapi? Asante, mama. Kwenye mafuta.

Mafuta yakashika moto. Nikaona, nikalivuta karai kwa mkono huu. Mnaona vidole hivi viwili? Havinyooki. Sikumbuki kupiga kelele. Nakumbuka mafundi wa gereji wakikimbia na mchanga, na mwenye kazi akilia, "Nilikwambia uangalie! Nilikwambia!" Ni kweli alikuwa ameniambia.

Hospitalini nililala muda mrefu nikiangalia dari. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nilijiambia, baba alisema kweli, mchungaji alisema kweli, mimi ni kitu kilichoharibika. Sikutaka kupona.

Pale wodini alikuwepo sista mmoja, muuguzi, mtu mzima, mkali kidogo. Akanieleza jinsi ya kutunza kidonda, mambo matatu, kisha akasema nirudie. Nikarudia moja. Nikajikunja nikingoja kibao. Hakunipiga. Alivuta kiti.

"Hii ilianza lini?" akaniuliza.

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Waliniuliza kwa nini. Yeye aliuliza lini.

Akanipeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Nilivyokuwa naduwaa, daktari alitaka kwanza kuhakikisha si kifafa. Nikavishwa kofia yenye nyaya nyingi, mashine ikachora mistari. Kifafa hakikuwepo. Akanitajia namba, akasema nizitaje kuanzia mwisho. Mbili niliweza. Zilipozidi, zikamwagika zote. Nikaanza kulia.

"Usilie," akasema. "Ubongo wako unafanya kazi, tena kwa bidii. Lakini kila mtu ana mahali kichwani pa kushikilia jambo kwa kitambo kidogo, wakati analifanyia kazi. Kwako pale hapatulii. Jambo unalisikia, na kabla hujalitumia, lingine limelisukuma." Akasema anadhani ni ADHD, hali ya kuzaliwa nayo inayozuia akili kutulia kwenye jambo, ila hiyo mistari haiwezi kumthibitishia. "Aliyekulea ndiye atakayeniambia. Mwite."

Sista alimpigia simu. Baba akaja na sare yake. Hatukuwa tumeonana tangu nitoroke. Aliangalia bandeji, akaangalia ukuta, akaketi wima. Daktari anauliza, baba anajibu kama anatoa ripoti. "Ndiyo. Tangu mdogo. Ndiyo, kila siku." Mpaka daktari alipouliza, "Katika ukoo wenu yuko mwingine wa namna hii?"

Baba akavua kofia.

"Mdogo wangu," akasema. "Alikuwa jeshini. Waliambiwa njia ya kurudia. Yeye akasahau, akapita kwingine."

"Hakurudi?"

"Tulizika nguo zake." Kisha akasema bila kuniangalia, "Huyu alipoanza kusahau, mimi niliona yule. Nikasema nimpige mapema, ashike, dunia isije ikamuua."

Daktari akasema, "Afande, fimbo haiongezi nafasi kichwani. Mtoto mwenye hofu anashika kidogo zaidi."

Msidhani baba aliniomba msamaha. Hakuomba. Alizungusha kofia mikononi, mtu mzima yule, akauliza, "Sasa nimwambie namna gani?"

"Jambo moja. Amalize. Ndipo la pili."

Ndugu zangu, sijapona. Dawa inanisaidia, ila kuna wakati haipatikani, na siku hizo ni ngumu. Shule imepita. Sasa najifunza ushonaji huko Kawempe, na kila ninachoambiwa nakiandika papo hapo kwa chaki juu ya kitambaa, kabla hakijanitoka. Bado naharibu. Ila sasa nikiharibu najua ni nini, na mwalimu wangu anajua.

Namshukuru sista aliyevuta kiti. Namshukuru daktari. Namshukuru fundi anayenifundisha kushona na kunivumilia. Na baba, aliyekubali kuulizwa mbele yangu, namshukuru pia, ingawa magoti yangu bado yana alama.

Mama yangu siwezi tena kumweleza. Baba mdogo sikumwona kamwe. Lakini nyinyi watoto wenu wako hai. Wengine wako nyumbani sasa hivi, wanajua mlitoka na hasira, wanasikiliza mlango. Mkifika, waambieni jambo moja tu, kisha mngoje.