Kitufe cha "Changia"

Mbele yangu kwenye treni aliketi fundi cherehani, sindano imechomekwa kolani, akimweleza kinyozi aliyekutana naye papo hapo kwamba anachagua tovuti ambako wasomaji watagharamia riwaya yake ya mjane anayechumbiwa na ndugu wawili. "Ile kubwa si ndiyo ina watu, dada?" aliuliza kinyozi. "Ina watu, ila kitufe chake kinasema 'Changia'. Niliwatumia jamaa zangu, shangazi akapiga simu analia, anauliza nani amefariki." Niligeukia dirisha nicheke kwa adabu. "Hii ndogo kitufe chake kinasema 'Nisimulie'. Na nisipomaliza kitabu, kila mtu anarudishiwa chake." "Si utabaki mikono mitupu?" "Lakini nitaweza kuwatazama watu usoni, kaka." Kimoyomoyo nilimvulia kofia. Kinyozi alishikilia kwamba penye watu ndipo penye pesa. Treni ikapunguza mwendo. Akasimama, akabeba mkoba wa mashine zake za kunyolea, kisha akainama. "Kwani huyo mjane anamchukua nani?" Fundi akamsogezea simu. "Bonyeza 'Nisimulie'."

Milango ikafunguka, ikafungwa. Kinyozi hakushuka, na kile kilikuwa kituo changu pia.