Sufuria Iliyoitwa Nusu

Mgeni rasmi, Bwana Stanley Bogonko, mfadhili wetu, mwalimu mkuu, walimu na wazazi mlioacha mashamba kuja kutusikiliza: shikamooni.

KARIBU
Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi leo tunahitaji kupona, kwa hiyo karibu sana hapa kwetu, nje kidogo ya Kehancha.

TULIKOTOKA
Shule hii ilikuwa na sufuria moja, upana sentimita themanini, kina sitini. Githeri, yaani mahindi na maharagwe, ya wanafunzi mia nne iliiva humo kwa mpiko mmoja. Muhula uliopita ikatoboka. Mwalimu mkuu akakuandikia kwamba nusu yake ingetutosha, tutapika mara mbili. Ukaleta upesi, upana arobaini, kina thelathini, na jina lako ubavuni. Siku hiyo tuliimba mpaka sauti zikakauka.

TULICHOJIFUNZA
Wiki hiyohiyo Mwalimu Roseline alitufundisha maumbo mango yanayofanana. Mwenzetu Nyangi, aliyekuwa ametufinyangia mifano ya udongo, akaenda jikoni na rula. Upana nusu, kina nusu. Zinafanana kabisa, kama mama na mwanawe.

"Mama Phelesia, hii si nusu," akamwambia mpishi. "Ni sehemu moja ya nane; imepungua nusu kwa urefu, kwa upana na kwa kina."

"Ala! Nusu ni nusu. Wewe mtoto utanifundisha jiko?"

Nyangi hakubishana. Maji yangevuja kwenye ile iliyotoboka, basi akapima kwa mahindi makavu. Alijaza ndogo, akamimina kwenye kubwa, akajaza tena. Kubwa ilijaa alipomimina mara ya nane. Mama Phelesia akaketi juu ya kuni.

"Mungu wangu, na watoto ni mia nne!"

TAABU YETU
Desturi yetu, wadogo hula kwanza. Githeri huchukua saa tatu, kwa hiyo hatuwezi kupika zaidi ya mara mbili, na chakula huishia gredi ya pili. Sisi wakubwa hushika sahani tupu mpaka kengele ilie. Wengi wetu hula jioni nyumbani. Nyangi hakuwa na jioni hiyo; mlo wake pekee ulikuwa huu wa shule. Alivumilia wiki tano. Ya sita akaenda kufunga majani ya tumbaku kwa watu, kwa sababu huko vibarua hupewa ugali mchana.

Jumamosi tulimfuata. Mwenzetu Gisiri akamsihi arudi.

"Nirudi na nini tumboni?" akauliza, mikono ikiendelea kufunga.

Swali hilo linatuuma mpaka leo.

MAOMBI
Asante ya punda ni mateke, nasi hatutaki kuwa punda. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hata sisi, kabla ya somo lile, tungesema nusu. Tunaomba sufuria ya themanini kwa sitini, isipungue hata kidole. Tena, ukiondoka, pitia kwenye banda la tumbaku umwambie Nyangi, kwa kinywa chako, kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Vipimo hivi aliviandika yeye. Sisi tumevisoma tu.

Mungu akuzidishie afya, na nyumbani kwako pasikose chakula.

Ni sisi, wanafunzi wa gredi ya nane, Shule ya Nyamoturi. Tuko thelathini na tisa. Tulikuwa arobaini.