Tawi Njiani kwa Bibi Kobugabe: Wasifu wa Mzee Projest Rwegoshora, Mchora Alama

Leo Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956, Mzee Projest Rwegoshora anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Mifugo cha Rwamigongo kwa miaka thelathini na miezi minne. Aliingia kazini Jumatatu ya tarehe 1 Machi 1926 kama kibarua wa kufyeka nyasi, na anatoka akiwa mchora alama wa kituo. Kila ubao wa njia, kila pipa la dawa na kila mlango wa stoo unaouona hapa na kwenye majosho mpaka pande za Kyerwa umepitiwa na brashi yake.

Lakini wengi mnamfahamu kwa jambo jingine. Ndiye mtu pekee anayezungukia bondeni kwenda nyumbani kwake Kihanga, ilhali njia ya mkato ipo na inapitika. Saa nzima ya ziada, asubuhi na jioni, kwa miaka tisa sasa. Akiulizwa husema anapenda kunyoosha miguu. Si kweli hata kidogo. Njia ya mkato inapita kwa Bibi Kobugabe, na Bibi Kobugabe alimfungia. Mzee Projest hajatamani kitu kingine kituoni hapa kama alivyotamani kufunguliwa njia ile, na wasifu huu utaeleza kwa nini, hata kama mwandishi wake angependa sana kuliruka jambo hilo.

Tuanze na mazuri. Mwaka 1928 Bwana Mifugo wa wakati ule alimkuta Projest anachora ng'ombe kwa mkaa kwenye ukuta wa banda. Badala ya kumfokea akampa kopo la rangi nyeupe na brashi, akamwagiza achore ubao wa kuwaelekeza watu kituoni: mkono wenye kidole kilichonyooka. Projest akakaa kuchora. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika brashi, kwa hiyo akatazama wa kushoto, akauchora huohuo, na kucha zake akazipamba vizuri asije mtu akakosea. Jamani! Watu wa Karagwe waelekezwe njia kwa mkono wa kushoto? Wazee wa Nyabiyonza waliufikia ubao ule wakiwa na ng'ombe wao wa kuchanjwa, wakautazama, wakageuza mifugo wakarudi zao. Wiki mbili kituo kikawa kitupu, na Bwana Mifugo akaanza kuandika barua kwamba huenda kuna ugonjwa mpya. Aliyegundua kosa ni Anatolia, mke wa Projest, siku alipomletea mumewe chakula. Alicheka mpaka akaweka kapu chini. Kisha ikambidi akae kwenye kigoda asubuhi nzima amenyoosha mkono wa kulia ili uchorwe, huku akilalamika kwamba ndizi zake zinaungua jikoni.

Tangu siku hiyo Projest hakuchora alama bila kuuliza maswali mawili: imetoka wapi, na nani anaijua? Alikuwa na daftari la jalada jeusi ambamo aliandika kila alichojibiwa. Mishale ilipokuja kuchukua nafasi ya mikono, wachungaji waliuliza nani anapigwa. Yeye akawaambia wasihangaike na upinde, wafuate ncha tu, kama mwindaji anavyofuata mnyama alikokimbilia. Wakaelewa siku hiyohiyo.

Kasheshe kubwa ilikuwa ya msalaba mwekundu. Aliuchora kwenye sanduku la bandeji, na kabla rangi haijakauka Walutheri na Wakatoliki wa kituo wakaanza kubishana ni wa nani. Projest akafungua daftari na kuwasomea kwamba msalaba huo ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, na mataifa yaliukubali ili anayetibu majeruhi vitani asipigwe risasi. Ubishi ukaisha, isipokuwa kwa Placidia, mpishi wetu, ambaye mpaka leo anashikilia kwamba Waswisi hao lazima walikuwa Wakatoliki.

Humo daftarini alikuwa na sehemu ya alama za kwetu, na aliziheshimu kuliko zile za vitabuni. Jani la mgomba juu ya fimbo kando ya njia: hapa pombe ya rubisi imeiva, karibu unywe. Nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni: mgeni anangojwa. Tawi kavu lililolazwa kukatiza njia: usipite hapa. Hizo, alisema, zinasomwa na mtu ambaye hajawahi kushika kitabu.

Sasa mwaka 1947. Kabla ya hapo stoo yetu ilikuwa ikigawa unga wa mifupa, mweupe, uliochanganywa na chumvi, ambao ng'ombe hulamba wakapata nguvu. Makopo yake yalikuwa na picha ya mfupa mmoja, kazi ya Projest. Mwaka huo ikaletwa dawa ya josho, nayo ni unga mweupe, ila ni sumu kali. Projest akaamriwa achore juu ya makopo fuvu na mifupa miwili iliyopishana. Akauliza maswali yake mawili. Akajibiwa kwamba zamani Ulaya walichonga alama hiyo makaburini kuwakumbusha walio hai kwamba nao watakufa, maharamia wa baharini wakaipandisha kwenye bendera zao, na baadaye wauza dawa wakaibandika kwenye chupa za sumu. Na nani anaijua? Akaambiwa kila mtu anaijua.

Kila mtu wa wapi? Swali hilo Projest alikuwa nalo mdomoni, akalimeza, akachora. Amenieleza mwenyewe mara nyingi kwamba hilo la kumeza ndilo linalomuuma. Maana sisi huku hatuna bahari wala maharamia, na maiti zetu tunazizika, hatuiachi mifupa nje. Mifupa tunayoiona ni ya ng'ombe. Mfugaji wa hapa akiona kopo la unga mweupe lenye mifupa, na amezoea kopo lenye mfupa mmoja, atadhani nini? Atadhani huu ni uleule, tena umeongezwa nguvu.

Bibi Kobugabe alidhani hivyo. Ni mjane, anaishi kwenye kilima kati ya kituo na Kihanga, na wakati huo alikuwa na ng'ombe watano alioachiwa na marehemu mumewe. Alikuja stoo asubuhi moja kuomba unga wa mifupa. Karani wa stoo alikuwa anapiga soga na dereva, hata hakuinuka. Akamwambia, "Mama, ingia tu, chukua lile lenye mifupa." Bibi akaingia, akalichagua lenye mifupa mingi, akashukuru, akaenda. Siku ya pili ng'ombe watatu walikuwa wamekufa, na mmoja wao ni Bihogo, yule mwekundu aliyemnyonyesha kila mjukuu wa nyumba ile. Mungu alisaidia tu kwamba hakuna mtu aliyeuonja.

Karani huyo ni mimi, Pastory, mnayenisoma hapa.

Baraza likaitishwa. Bibi Kobugabe alisimama akaeleza kwamba aliingia akachukua kopo lenye mifupa. Hakusema aliagizwa na nani. Nadhani alidhani nitajisemea mwenyewe. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Ulimi ukagoma. Kabla sijajikusanya, Projest akasimama, akavua kofia, akasema, "Alama ni yangu. Aliyeichora ni mimi, na nilijua haisomeki." Akakaa. Kesi ikaishia hapo, nami nikaacha iishie. Aliijua sehemu yangu, kwa sababu dereva alimwambia jioni ileile. Hakuwahi kunitajia, si kazini, si kilabuni, si hata siku tulizogombana. Jamani, mtu huyu!

Alimpelekea Bibi mtamba wake mmoja aliyekuwa naye. Bibi akamrudisha mtamba na kesho yake akakata tawi la mgunga, likakauka, akalilaza kwenye mdomo wa njia inayopita kando ya kibanja chake cha migomba. Wengine waliendelea kulivuka tu, maana kila mtu alijua limelazwa kwa ajili ya nani. Projest alilisoma mara moja. Akageuka, akashika njia ya bondeni.

Kazini alianza upya. Aliyafuta mafuvu yote, akachukua mbao tatu zenye picha tofauti, akaenda nazo soko la Nyakahanga. Akakaa chini kati ya wauza maharage, kila anayepita anamwuliza, "Shikamoo mama, hapa unaona nini?" Wengine walimdhania mganga. Alirudi na jibu: lile tawi kavu. Kuanzia mwaka 1948 kila kopo la sumu la kituo hiki lina tawi lililokatiza njia, na chini yake ng'ombe amelala miguu juu, ulimi nje. Ng'ombe yule ni wa kuchekesha kidogo, nakubali, ila kwa miaka minane hatujapoteza hata ndama kwa sumu. Wakubwa waliotutembelea waliuliza kwa nini hatutumii alama ya dunia nzima. Projest akawaonyesha daftari, nao wakaondoka na nakala.

Alama aliyoichagua kulinda ng'ombe za watu ndiyo ileile iliyomfungia njia yeye. Nilimwambia hivyo siku moja, nikidhani atacheka. Alisema ndiyo maana anajua kwamba inasomeka.

Kuna jambo nililiona mwenyewe masika ya mwaka 1951. Tulikuwa tunatoka kazini pamoja, tukafika penye njia ya mkato, tukakuta tawi halipo. Mchwa walikuwa wamelimaliza, umebaki udongo tu. Nikamshika mkono, nikamwambia twende, mzee, njia imefunguka! Akauondoa mkono wangu. Halafu akaingia porini, akatafuta tawi jingine kavu, akalilaza palepale lilipokuwa la kwanza. "Mchwa hawana ruhusa ya kufungua njia ya mtu," akasema, na akashuka zake bondeni. Amelibadilisha hivyo kila masika. Bibi Kobugabe alidhani ni shemeji yake Leonadi anayelitunza, na Leonadi alidhani ni Bibi.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilikusudia kuandika mambo ya mikono na misalaba, nikaishia hapo. Kalamu ilikataa. Wiki mbili zilizopita nikapanda kwa Bibi Kobugabe. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Nikamweleza yote: soga zangu na dereva, "chukua lile lenye mifupa", safu ya pili, ulimi uliogoma. Kisha nikamweleza nani anayelaza tawi. Kwa lile langu alisema tu kwamba sauti yangu alikuwa anaikumbuka, na alikuwa anangoja kuona itachukua miaka mingapi. Lile la tawi alilisikiliza mpaka mwisho. Alitazama nje kuelekea njiani, akainuka, akaenda kuwafungulia ndama wake. Hakunipa kahawa ya kutafuna, na mgeni anayeondoka nyumba ya Karagwe bila kupewa kahawa anajua alivyopokewa. Niliteremka kilima nimeona aibu, na ilinistahili.

Mzee Projest, haya yafuatayo huyajui, kwa sababu leo asubuhi umepita bondeni kama kawaida yako na hakuna aliyekudokeza. Nimewaomba wote wafunge midomo mpaka uyasome hapa mwenyewe. Leo alfajiri, kabla sijachapa ukurasa huu wa mwisho, nilipita njia ya mkato. Tawi halipo. Si mchwa, maana lilikuwa limevunjwavunjwa na kupangwa jikoni kwa Bibi, na uji ulikuwa unachemka juu yake. Na kuanzia mdomo wa njia mpaka mlangoni kwake pametandazwa nyasi mbichi, zimekatwa leo leo, bado zina umande. Bibi alikuwa ameinama anamalizia hatua za mwisho. Aliniambia nisizikanyage, si zangu.

Kituo kinakushukuru, Mzee Projest, kwa miaka thelathini ya kuuliza nani anaijua. Kinakushukuru kwa mbao, kwa daftari ulilotuachia, na kwa yule ng'ombe wa miguu juu. Mimi nakushukuru kwa siku ile ya baraza, na ninakuomba radhi mbele ya watu wote, jambo nililopaswa kulifanya palepale.

Wenye hotuba ndefu tunawaomba wafupishe, kwa sababu nyasi zikikatwa hazichukui muda kunyauka. Nenda nyumbani, mzee wetu, ukapumzike na Mama Anatolia kwa afya na amani. Leo usizungukie bondeni.