Bi Verna na Jumapili ya Betri

Ijumaa ya tarehe 14 Novemba, Bi Verna Stubblefield atafunga ghala la silaha la Ofisi ya Sherifu, Kaunti ya Tolliver, na safari hii funguo hataondoka nazo. Ametumikia ofisi hii miaka thelathini na mmoja. Masherifu wamekuja na kuondoka, yeye yuko pale pale nyuma ya kaunta, miwani puani, bisibisi ndogo ikining'inia shingoni kwa uzi mwekundu.

Alianza kama karani wa faini za magari. Fundi wa silaha wa enzi hizo alipougua mgongo, alimwomba amshikie kazi kwa muda. Fundi akapona, akarudi, akakuta bastola zote zimesafishwa na kupakwa mafuta, na kikombe chake cha kahawa kimehamishiwa ofisi nyingine. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena ghala ni la nani.

Wengi tutamkumbuka kwa Jumapili ya Betri. Bastola zetu zina mpini wenye taa ya leza: ukiubana sawasawa, nukta nyekundu inatua pale mtutu unapoelekea. Taa hiyo hula betri mbili bapa, na betri haziagi zinapokufa. Kwa hiyo kila Novemba, Jumapili ile ya kurudisha saa nyuma kwa saa moja kuingia majira ya baridi, watu wengine wanapobadilisha betri za ving'ora vya moshi majumbani, Bi Verna hutuita sote baada ya ibada. Unatoa risasi na kuziacha chumba kingine. Unamwonyesha mwenzako bastola tupu, naye anakuonyesha yake. Unanawa mikono, maana Jumapili hapa ni kuku wa kukaanga, na betri haipendi mafuta. Unafungua skrubu ya mpini, unatoa betri zote mbili hata kama moja bado nzima, unaweka mpya, alama ya kujumlisha ikitazama nje. Kisha unaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, unabana, nukta inawaka.

"Haya, sasa isahau," husema Bi Verna. "Hiyo taa ni mgeni tu. Jicho lako na shabaha ya chuma iliyo juu ya mtutu ndio wenyeji. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Sote tulijifunza, isipokuwa Dewitt Larkin.

Askari Dewitt ni mtu mwema, tena shupavu. Atamvuta ndama kutoka mtaroni na atamtuliza mlevi kwa hadithi. Lakini vidole vyake ni vya kushikia jembe, na subira hakupewa. Kila mwaka aliziweka betri kinyume, akaapa kwamba mpini ni mbovu, na kila mwaka Bi Verna alimnyang'anya bastola akamwekea mwenyewe huku akimsema.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwaka mmoja Dewitt aliikwepa Jumapili yenyewe, akaenda kuvua samaki. Majira ya kuchipua akaitwa kumwondoa kicheche mwenye kichaa cha mbwa chini ya ngazi za kanisa. Akabana mpini, taa haikuwaka. Akautikisa, akabana tena, akasimama pale akitafuta nukta nyekundu, shabaha ya chuma ameisahau kabisa. Kicheche akamgeuzia mkia, akammwagia uvundo wake. Gari lake la doria lilinuka kiangazi kizima, nasi tulicheka hadi machozi.

Bi Verna hakucheka. "Leo kicheche," alimwambia. "Kesho atakuwa mtu mwenye bunduki, na wewe umesimama unatafuta taa. Mkeo nitamwambia nini, Dewitt?" Siku hiyo akaapa kwamba hastaafu mpaka Dewitt aziweke betri zake kwa mkono wake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba Mzee Orrin, mumewe, alikuwa ameshanunua nyumba ya kukokotwa na gari, waende pwani ya Alabama kwa binti yao aliyejifungua. Novemba ikaja, Dewitt akafeli. Ikaja nyingine, akafeli tena. Mzee Orrin akawa kila akipita ofisini anamtazama Dewitt kama mwizi wa ng'ombe.

"Kijana, mjukuu wangu ataota ndevu hajaniona. Betri mbili tu!"

"Naelewa, mzee."

"Huelewi! Magurudumu yameisha upepo!"

Jumapili iliyopita Mzee Orrin alikuja mwenyewe, akavuta kiti. Dewitt akafungua mpini. Bi Verna akaweka mikono nyuma. Betri zikaingia, skrubu ikakazwa, mtutu ukaelekezwa kwenye pipa. Giza. Mzee Orrin akaguna kama trekta bovu.

"Huu mpini ni mbo..." Dewitt akaanza.

"Malizia hilo neno uone," alisema Bi Verna.

Hakulimalizia. Alifungua tena, akazifuta betri, akazigeuza moja moja, alama ya kujumlisha ikatazama nje. Akakaza skrubu taratibu, jasho likimtoka. Nukta ikawaka juu ya mchanga. Tulipiga kelele, na Mzee Orrin akavua kofia. Bi Verna akachukua bastola, akazitoa betri zote mbili, akamrudishia.

"Tena."

Ikawaka tena.

Ndipo Bi Verna akafanya jambo ambalo hatujawahi kuliona. Alitoa bastola yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuigusa. Akatoa risasi, akazipeleka chumba cha pili, akatuonyesha kwamba ni tupu. Akavua bisibisi shingoni, akaviweka vyote mbele ya Dewitt.

"Na yangu."

Dewitt aliifanya bila kukosea. Bi Verna akaipokea, akaitia mkobani, akafunga zipu. Hakubana mpini kuangalia kama inawaka. Dewitt alitazama ukutani, akasema harufu ya mafuta ya bunduki inamchoma macho.

Bi Verna, asante kwa kutusema, kwa kutungoja, na kwa kutotucheka tulipostahili. Tunakupenda, na ghala litakuwa baridi bila wewe. Mzee Orrin, magurudumu yana upepo. Dewitt ndiye aliyejaza. Wengine wote, Ijumaa adhuhuri tukutane ukumbini kwa kambare wa kukaanga na pai ya njugu za pekani.

Nenda salama, mama yetu, maisha yakuendee vyema huko pwani. Bisibisi iko shingoni mwa Dewitt. Novemba ijayo usihangaike kupiga simu kutuuliza, atakupigia yeye.

Nadine Coyle, Chumba cha Redio