Miduara Ambayo Haikuwepo

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenipa miguu ya kusimama hapa kanisani. Mwenyekiti ameniomba niwe mfupi. Mimi ni mwalimu wa chuo, ufupi siujui, kwa hivyo mtanivumilia.

Wengi wenu mnaniona nikipita Dagoretti Corner na begi langu na hamjui kazi yangu. Nafundisha habari za seli, vile vijumba vidogo sana ambavyo mwili wote umejengwa navyo. Kila seli imefunikwa na utando, na ndani yake mna vyumba vingine, navyo vina utando wao. Kwa macho huvioni. Kuna mashine kubwa kuliko kabati la nguo, darubini ya elektroni, ndiyo inayotuonyesha.

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa Mwafrika wa pekee katika idara yetu, tena mwanamke. Nawaambia ukweli, niliogopa kila siku. Nikisikia viatu vya profesa nje ya mlango, najifanya naandika. Nilijua nikikosea, hawatasema fulani amekosea. Watasema hawa watu hawawezi.

Siku moja nikaenda kichinjioni kuchukua ini la ng'ombe. Sheria ni kwamba unakata kipande kama punje ya mchele na kukitia kwenye dawa ya kuhifadhi kingali na joto. Mimi kwa haraka zangu dawa niliisahau chuoni. Nikafunga ini kwenye karatasi. Mvua ikanikuta hapo Corner, nikajibanza hotelini, nikanywa chai, tena na mandazi mawili. Nilipofika chuoni ini lilikuwa limepoa kabisa. Nikalitia dawa hivyo hivyo na sikumwambia mtu.

Jamani, picha zilizotoka zilikuwa nzuri! Ndani ya seli kulikuwa na miduara ya utando, mmoja ndani ya mwingine, kama kitunguu kilichokatwa. Profesa akanipa mkono, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Nami nikawafundisha wanafunzi wangu sita hiyo miduara muhula mzima.

Ukaja mtihani. Safari hii niliandaa ini lingine vizuri, dawa mkononi, kama inavyotakiwa. Asubuhi nikatangulia kuangalia kwenye mashine. Miduara haipo. Nikabadilisha kipande, haipo. Ndipo nilipojua kwamba ile miduara ililetwa na kuchelewa kwangu, ini lilikuwa limeanza kuharibika. Wanafunzi walikuwa tayari mlangoni. Nikawafungulia, nikanyamaza.

Walitakiwa kuchora walichokiona. Watano walichora miduara. Mmoja hakuichora. Huyu alikuwa mtu mzima, zamani mwalimu wa shule ya msingi huko magharibi, ana mke na watoto. Serikali ndiyo iliyomlipia karo, na akianguka mtihani ule anarudi kwao. Nikashika kalamu nyekundu, kwa mkono huu huu mnaouona, nikampa sifuri. Wale watano nikawapa alama zote.

Jumamosi akanikuta madukani Hurlingham. Nilitaka kuvuka barabara nimkwepe, akawa ameshanifikia. Nilidhani amekuja kunishtaki. Akavua kofia, akasema, "Mwalimu, nisaidie kabla matokeo hayajabandikwa. Wenzangu wote wameiona miduara. Mimi niliangalia mpaka macho yakatoa machozi na sikuona kitu. Labda macho yangu ni mabovu. Nifundishe kuona."

Ndugu zangu, heri angenitukana. Nikamwacha hapo, nikaja mbio kwa mama mmoja wa kanisa hili, muuza mboga. Nikamweleza yote nikilia. Habari za utando hakuelewa hata kidogo. Aliendelea kukata sukuma wiki yake, kisha akauliza, "Huyo mtu alikosa?"

Nikasema hakukosa.

"Basi unangoja nini hapa kwangu?"

Jumatatu nikabisha mlango wa profesa. Nikaweka mezani picha mbili, ya kwanza na ya pili, nikamwambia kila kitu, hadi mandazi. Aliziweka picha sambamba, akaziangalia moja moja. Nami moyoni nilikuwa nimeshaanza kufunga vyombo vyangu Kileleshwa, maana nyumba niliyokaa ilikuwa ya chuo. Mwishowe akatoa barua aliyokuwa ameandika ili nipandishwe cheo, akaichana mbele yangu. Kisha akaniambia niende darasani nikarekebishe nilichoharibu.

Nikasimama mbele ya wale sita, nikawaambia miduara haikuwepo, na ile sifuri nikaifuta. Watano waliinamisha vichwa. Yule mmoja alifunika uso kwa mikono, akalia.

Namshukuru profesa, hakunifukuza. Mama wa mboga, nakuona hapo nyuma, usijifiche, Mungu akuzidishie. Uoga haujaniisha, nisiwadanganye. Ila nimejifunza kwamba kosa nililolificha kwa uoga lilikwenda kumlalia mtu mwingine, na mtu huyo hakujua hata kwamba amebeba mzigo wangu.

Yule mwanafunzi sasa ni mwalimu, anafundisha chumba cha pili kutoka changu. Kila nikitoa picha mpya, kabla sijamwonyesha mtu mwingine, namwita aje aangalie. Akisema haoni kitu, naandika hakuna.